Sura ya Sita: Geji Haikusema Uongo

Binadamu ukimuuliza jambo atakuzungusha mpaka kichwa kikuume. Chuma ukikiuliza kwa adabu kinakujibu. Inspekta aliliamini hilo kuliko alivyoamini viapo vya watu, na ndiyo sababu saa mbili na nusu asubuhi, wenzake wakinywa chai, yeye alikuwa amechuchumaa kwenye banda la mabati nyuma ya kituo, magoti yakimlalamikia, pua karibu iguse injini iliyoungua.

Kituoni walimwita Bibi Taratibu, na usidhani walikuwa wakimsifu. Jalada ambalo wengine hulimaliza kwa siku mbili, yeye hulilalia wiki mbili. Lakini safari hii, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa ya kazi, Bibi Taratibu alikuwa amekimbia. Alimkamata mtu siku ya tatu baada ya ajali, akamtia pingu msibani, mbele ya mkewe na waombolezaji, kwa sababu tu mzee mmoja mfiwa alisimama uani akapiga kelele, "Muuaji yule pale! Mnangoja nini?" Naye hakungoja. Siku nne zilikuwa zimepita tangu hapo, na usingizi ulikuwa umempaa siku zote nne.

Marehemu alikuwa dereva wa mashindano ya kupanda mlima, kijana wa miaka ishirini na sita aliyeitwa Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Gari lake lilikuwa dogo, lenye injini ya tabo, ile konokono ya chuma inayozungushwa na moshi wa injini ili iisukumie injini hewa zaidi. Lilikuwa limepandishwa nguvu mara mbili ya lilivyotoka kiwandani. Kwenye kona ya saba injini ilipasuka, oili ikamwagikia ekzosi, lile bomba la moshi, gari likawaka moto na kuacha barabara. Aliyekamatwa alikuwa mume wa dada yake Chiriku, fundi aliyeijenga injini ile kwa mikono yake. Aliyepiga kelele alikuwa baba yake Chiriku, yaani baba mkwe wa fundi huyo huyo. Saa nane mchana wa leo fundi angesimamishwa mbele ya hakimu kwa shtaka la kuua, na Inspekta alikuwa na saa tano na nusu za kujihakikishia kwamba hakumwonea mtu.

"Afande, utaibusu hiyo injini mwishowe," alisema Mkaguzi. Huyu alikuwa mkaguzi wa magari wa polisi, mtu mnene, mtani, ambaye hata jeneza angelitafutia mzaha.

"Nieleze tena tangu mwanzo. Kama unamweleza mtoto."

"Ungesema mapema ningeleta peremende." Mkaguzi aliinua pistoni kutoka mezani. Katikati yake palikuwa na tundu la kupitisha kidole, kingo zimelainika kama sabuni iliyosahauliwa majini. "Pistoni ya tatu. Haikuvunjika, imeyeyuka. Plagi zina vipele vya alumini, vali zimeliwa kingo. Humu ndani kulikuwa na moto wa jehanamu."

"Na mafundi wanauchungaje huo moto?"

"Kwa kupima joto la moshi. Moshi ukitoka kwenye silinda ndio unaokupa habari za ndani. Kwa hiyo unatoboa ekzosi, unatumbukiza sindano ya kupimia, unavuta waya mpaka kwenye geji mbele ya dereva. Fundi wetu alipaka alama nyekundu kwenye nyuzi mia tisa. Mshale ukigusa pale, dereva anainua mguu. Hakuna mjadala."

"Mshale uligusa?"

"Kompyuta ya gari imehifadhi kila kitu. Ulifika mia nane sitini na mbili. Haukugusa."

"Na pistoni inasema ngapi?"

"Pistoni inasema elfu moja na ushee. Kati ya hawa wawili mmoja ni mwongo, afande. Na pistoni haina sababu ya kudanganya, imeshakufa."

Jalada zima la Inspekta lilikuwa limesimama kwenye kitu kimoja. Katika daftari la kazi, fundi aliandika kwamba swichi ya kuzungusha, ile inayoongeza msukumo wa tabo, ameiweka kwenye namba tatu. Gari lilipookotwa, swichi ilikuwa kwenye namba tano. Nani mwingine angeigusa kama si fundi? Ndivyo alivyojiuliza siku ile ya pingu, akajijibu mwenyewe, akaridhika.

"Ile kadi ya kamera imefunguka?" aliuliza.

"Imefunguka jana jioni. Kaa chini kwanza."

Kamera ilikuwa imefungwa nyuma ya kiti cha dereva. Kwenye kompyuta ya Mkaguzi ikaonekana barabara ikipanda, mikono miwili kwenye usukani, na sauti ya Chiriku, changamfu, ikishindana na ngurumo ya injini.

"Mia saba na arobaini, wapenzi watazamaji! Kona ya nne, mia saba na arobaini! Injini leo imelala usingizi! Shemeji, wewe ni mchawi!" Mkono wa kulia ukaacha usukani, ukazungusha swichi. "Tunaongeza moja... mia nane. Bado! Tunaongeza nyingine... Ehee! Mia nane sitini. Arobaini ziko mfukoni, na mfuko hautoboki!"

Inspekta alisimamisha picha kabla ya kona ya saba. Alikwisha kuona alichohitaji, na kingine hakutaka kukiona.

"Aliizungusha mwenyewe," alisema. "Nimemfunga mtu kwa swichi ambayo hakuigusa."

"Pole pole, afande. Geji bado ni ya fundi. Kama alifunga geji mbovu inayomdanganya dereva, kesi ipo."

Basi wakaipima. Mkaguzi aliitoa sindano, akaifunga kwa waya pamoja na sindano nyingine mpya kutoka stoo, akaziweka zote mbili kwenye mwali mmoja wa gesi. Inspekta akawa anaandika. Mpya mia tano, ya Chiriku mia tano. Mpya mia nane, ya Chiriku mia nane na tatu. Walirudia mara tatu, kwa sababu Bibi Taratibu alikuwa amerudi kuwa Bibi Taratibu.

"Loo," alisema Mkaguzi, akizima gesi. "Geji haikusema uongo."

"Kwa hiyo pale ilipokuwa, joto lilikuwa mia nane sitini na mbili kweli."

"Kweli tupu."

"Sasa hapo ilipokuwa ni wapi?"

Mkaguzi alinyoosha kidole kwenye bomba. Inspekta alifungua daftari la fundi, mahali palipobandikwa picha ya siku injini ilipokamilika. Aliiweka ile picha kando ya injini yenyewe, akaangalia huku, akaangalia kule, kama mtu anayelinganisha mapacha.

"Mkaguzi. Kwenye picha, sindano iko mbele ya tabo. Wewe umeitoa nyuma ya tabo."

Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo mtani yule alikosa mzaha. Alichukua tochi, akapangusa masizi. Mbele ya tabo, palipokuwa na tundu la sindano, palikuwa pamezibwa kwa bolti, safi kabisa. Nyuma ya tabo palikuwa pamechomelewa kishikizo kipya.

"Ee Mungu," alisema. "Afande, tabo inazungushwa na moshi. Moshi ukipita humo unaacha joto lake, ukitokea upande wa pili umepoa nyuzi mia na hamsini, pengine zaidi. Anayepima nyuma lazima ashushe alama yake. Alama hii haikushushwa."

Inspekta alijumlisha kwenye ukingo wa karatasi. Mia nane sitini na mbili, na mia na hamsini juu yake. Elfu moja na kumi na mbili. Pistoni na geji zilikuwa zimepatana, na Chiriku alikuwa amekanyaga mafuta akiamini ana akiba, kumbe deni lilikwisha kumpita.

"Kilichomelewa na nani?"

Mkaguzi alimulika mshono. Ulikuwa umelazwa tabaka juu ya tabaka kama magamba ya samaki. "Bingwa. Kwa mshono huu mimi ningempa anichomelee hata meno. Lakini tazama magamba yalivyoelekea. Mtu wa mkono wa kulia angeyalaza huku. Huyu ameyalaza kule. Huyu ni wa kushoto."

Inspekta alifungua ukurasa wa maelezo ya fundi, yale aliyoyatia sahihi mbele yake mwenyewe. Alikumbuka vizuri mkono uliotia sahihi ile. Ulikuwa wa kulia.

Kwenye kaunta ya mbele alimkuta mke wa fundi, dada yake Chiriku, amevaa nguo nyeusi, ameshika mfuko wa karatasi.

"Nimemletea shati la kuendea mahakamani," alisema bila salamu. "Au na shati nalo mnalitia pingu?"

"Litafika, dada. Naomba nikuulize jambo moja. Mumeo anachomelea mwenyewe?"

"Mume wangu? Huyo ukimpa mashine ya kuchomelea ataunguza mtaa. Kazi za kuchomelea anazipeleka mbali huko, anapoteza nusu siku, na ukuta wa pili tu kuna karakana ya baba yangu."

"Baba ni mchomeleaji?"

"Miaka arobaini. Hakuna lori la zamani mjini hapa ambalo ekzosi yake haijapita mikononi mwake."

"Mbona mumeo hampelekei yeye?"

Mwanamke alicheka kicheko kisicho na furaha. "Hawasemezani, huu mwezi wa nane. Baba alimkataza Chiriku mashindano, mume wangu akamjengea gari. Baba akasema amemjengea mwanawe jeneza la magurudumu manne. Geti moja, ukuta mmoja, maji wanachota bomba moja, lakini neno hakuna. Wakitaka kuambiana kitu ni Chiriku anakimbia katikati, huyu amesema hivi, yule amejibu hivi. Na mengine alikuwa anayatunga tu ili wasichukiane zaidi." Machozi yalimtoka, akayafuta kwa ule mfuko wa shati. "Sasa hata wa kutunga hayupo."

"Baba yako nyundo anaishika kwa mkono gani?"

"Wa kushoto. Kwa nini?"

Inspekta alitamani angekuwa ameuliza kitu kingine. "Nitakueleza leo hii, dada. Nakuahidi," alisema, akachukua shati.

Kwenye chumba cha mahabusu fundi alikuwa ameketi chini, mgongo ukutani, mtu mwembamba ambaye mistari ya viganja vyake ilikuwa na weusi wa oili ambao sabuni ya mahabusu haiuwezi. Inspekta alimpa shati, akavuta kiti, akaweka picha mbili sakafuni: ile ya daftari, na ile ambayo Mkaguzi alikuwa ameipiga asubuhi. Fundi alizitazama mara moja tu, akaangalia pembeni.

"Ulishaona," alisema Inspekta.

"Maelezo yangu nilikwisha kutoa."

"Maelezo yako ni maneno sita. 'Injini ni yangu, fundi ni mimi.' Mimi nikayasoma kama mtu aliyekiri."

"Si ni kweli?"

"Ulikuwa wa kwanza kufika kwenye gari na mtungi wa kuzimia moto. Kitambaa kinachofungwa kwenye ekzosi kuzuia joto kilikuwa kimeungua. Ukaona tundu limezibwa. Ukaona mshono, na mshono ule unaujua kama unavyojua mwandiko wa mkeo."

Fundi alilivuta lile shati mapajani.

"Asubuhi ile nilifungua boneti," alisema mwishowe. "Nilikagua oili, maji, mikanda, kila bolti. Kile kitambaa kilikuwa kimefungwa vizuri. Vizuri kuliko ninavyokifunga mimi. Nikajisemea, leo mkono wangu ulikuwa na baraka. Sikukifungua. Kingefungwa ovyo ningekifungua, mama. Kazi ilikuwa nzuri mno."

"Kwa nini ulinyamaza siku zote hizi?"

"Niseme nini? Niende kwa mzee aliyemzika mwanawe wa kiume wa pekee nimwambie, baba, ni mkono wako? Yeye ananichukia, sawa. Chuki ndiyo inayomsimamisha. Mimi nikifungwa kuna siku nitatoka. Yeye akilijua hili hatoki." Akainua macho. "Nakuomba kama ningemwomba mama yangu. Niachie mimi."

"Siwezi kumpeleka mtu asiye na hatia mbele ya hakimu."

"Msibani uliweza."

Inspekta alilikubali lile kofi bila kupepesa. Alikusanya picha zake, akasimama. "Ndiyo. Niliweza. Ndiyo maana leo siwezi," alisema, akaita afunguliwe mlango.

Ilikuwa saa tano alipofika kwenye lile geti moja. Kushoto gereji ya fundi ilikuwa imefungwa kufuli. Kulia, kwenye karakana ya kuchomelea, mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya meza ya chuma, hafanyi kazi, anapanga vijiti vya kuchomelea kwa urefu na kuvipangua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuniambia wamemfunga miaka mingapi?"

"Bado. Nimekuja unisaidie kitu cha ufundi." Akaweka picha ya mshono mezani. Angeweza kumzunguka mzee yule, kumtega kwa maswali kumi kama alivyofundishwa. Hakuwa na moyo huo. "Kazi hii unaitambua?"

Mzee alivaa miwani. Alipapasa picha kwa kidole, akifuata magamba moja moja, na uso ukamchanua, masikini, wiki nzima haukuwa umechanua.

"Naitambuaje? Ni yangu! Nani mwingine mjini hapa analaza mshono hivi?" Alivua miwani. "Nilifanya Ijumaa mchana, yule jamaa alikuwa amekwenda kufuata matairi. Nilikwenda kulitazama lile gari. Nilimkataza mwanangu, ndiyo, lakini kumkataza si kutomtazama. Nikafungua kitambaa. Nikakuta sindano imekaa mbele ya tabo! Mwanangu, mimi nimeona ncha ya sindano ya lori moja ikikatika pale kwa moto, ikaingia kwenye tabo, tabo ikasambaratika kama chupa. Dereva wa lori lile hakusimulia. Nikasema, si kwa Chiriku wangu. Nikaihamisha, nikaiweka nyuma, nikaziba pale mbele, nikafunga kitambaa chao vilevile."

"Kwa nini vilevile?"

"Nisionekane nimeingia kwenye gereji ya mtu." Akasogea mbele, sauti ikashuka. "Niambie. Mmeifungua injini. Sindano yangu ilikatika?"

"Haikukatika, mzee. Nzima kabisa."

"Nilijua!" Akapiga meza kwa kiganja. "Nilijua kosa halitatoka kwangu."

Inspekta alitazama nje ya mlango, akajilazimisha kumtazama tena. "Mzee, ukimhamishia dereva wa lori sindano namna hiyo, ukimkabidhi funguo unamwambia nini?"

"Namwambia atoe mia na hamsini kwenye alama yake. Moshi ukipita kwenye tabo unapo—"

Neno halikumalizika. Mkono wa mzee ulibaki juu ya meza, vidole vimetanuka. Lori moja lilipita barabarani, likaenda zake, na bado alikuwa hajaushusha.

"Alama yake ilikuwa ngapi?" aliuliza.

"Mia tisa."

"Mia saba na hamsini," alisema mzee. "Ilitakiwa mia saba na hamsini. Yeye alifika ngapi?"

"Mia nane sitini na mbili."

Mzee alitikisa kichwa taratibu, akijumlisha, kama vile hesabu ingeweza kutoka tofauti akiirudia. Alikuwa fundi, hakuhitaji mtu wa kumfafanulia. Inspekta alisogeza kigoda cha pili, akakaa karibu naye, maana aliona ameanza kuyumba.

"Ulimwambia nani, mzee?"

"Nilimngoja Chiriku arudi nimwambie. Hakurudi, walilala huko huko mlimani na madereva wenzake. Nikasema nitampigia. Nikaogopa, nikimpigia atajua nimebariki mashindano. Nikasema basi, mwenye gereji ana macho, ataona."

"Mwenye gereji hukukutana naye Ijumaa ile?"

Mzee alifunga macho. "Nilikutana naye. Pale getini, jioni. Mimi natoka na mashine yangu begani, yeye anaingia na matairi. Akasimama, akanipisha. Akaniamkia. Miezi minane yote, kila tukikutana ananiamkia, hajawahi kuacha hata siku moja."

"Ukamwambiaje?"

"Nikapita." Alivisukuma vile vijiti pembeni. "Ningeitikia, mwanangu, ningesimama. Ningesimama, ningemwambia, nimeihamisha sindano, shusha alama. Siwezi kumwitikia mtu halafu nikamficha kitu cha namna hiyo, sikulelewa hivyo. Ndiyo maana sikumwitikia. Nilikuwa nataka niendelee kukasirika."

Akalia, kwa sauti, bila kujificha uso, na Inspekta akamwachia alie. Alipotulia aliuliza swali moja tu.

"Yeye anajua?"

"Tangu siku ya ajali."

"Na siku nne amekaa ndani kwenu."

"Ili wewe usijue, mzee."

"Na mimi nimemwita muuaji mbele ya kadamnasi," alisema mzee, akaanza kutafuta viatu vyake chini ya meza, asivione, na viko mbele yake.

Saa saba na robo mwendesha mashtaka alisoma karatasi za Inspekta, akaguna, akachora mstari kwenye orodha ya mchana ule. Fundi alitolewa. Alikuja ukumbini akifunga vifungo vya shati, mkewe akamrukia shingoni, na juu ya bega la mkewe akamwona mzee ameketi kwenye benchi, kofia magotini. Uso ukamwanguka.

"Umemwambia," alimwambia Inspekta.

"Nimemwambia."

"Nilikuomba kitu kimoja tu, mama. Kimoja." Hakupandisha sauti. "Mungu akusamehe. Mimi sijui kama nitaweza."

Mkewe alimwangalia mumewe, akamwangalia baba yake, akataka kuuliza, na kitu fulani kwenye nyuso zile mbili kikamwambia asiulize hapa. Inspekta angeweza kujitetea. Sheria ilikuwa upande wake, na ukweli pia. Lakini alikuwa amejua tangu asubuhi, tangu pale mkono wa kushoto ulipotajwa, kwamba leo hatamwokoa mtu bila kumvunja mwingine, na aliyemvunja ndiye aliyekuwa na kidogo zaidi cha kubaki nacho. Majuto hayana mlango wa polisi na mlango wa raia. Wote huingilia mlango mmoja.

Mzee alisimama, akaenda mpaka kaunta, akaweka mikono yake miwili juu ya mbao, viganja juu.

"Haya. Andika jina langu pale lilipokuwa lake."

"Mzee, hii ni ajali. Ulikusudia kumlinda."

"Sikuuliza nilikusudia nini. Nishitaki."

"Siwezi."

"Kitabu chenu cha sheria kinene namna ile, kinakosa mahali pangu?"

"Hakuna kifungu cha mtu kutoitikia salamu," alisema Inspekta, na aliposikia maneno yale yakitoka kinywani mwake aliyajutia, kwa kuwa yalikuwa kweli.

Mzee hakuondoa mikono. Nyuma yake fundi alikuwa amekwisha kuketi kwenye benchi, pale pale alipotoka mzee, mkewe pembeni yake, na hakuna aliyesema twendeni.

"Basi andika bila kifungu," alisema mzee. "Andika tu, mwanangu, ibaki mahali. Kwamba nilipita."

Mtu yeyote pale kituoni angemwambia aende nyumbani akapumzike. Inspekta alivuta karatasi mpya ya maelezo, akamsogezea mzee kiti, akaandika tarehe na saa, na chini yake akaanza kuandika, polepole, neno kwa neno kama alivyotamkiwa.